Pamba Hailiwi: Miaka Yangu Kwenye Shamba la Shule

Nimestaafu. Wastaafu wengine hupewa kanga ya mama watoto, saa ya ukutani na hotuba. Mimi nilipewa mkono na mkuu wa shule, naye aliunyoosha huku anasoma simu, nusura aushike mpini wa jembe akidhani ni mimi. Basi nikakabidhi ufunguo wa stoo, nikarudi darasani kusubiri mtihani wa kidato cha nne nikiwa na sugu mikononi kama mzee wa kiwanda cha pamba.

Nawaandikia nyie kamati ya shamba mnaobaki, hasa wewe Nyamizi uliyepokea ufunguo. Sitaeleza nilivyotoka mbeba madumu nikawa kiranja wa shamba, maana hakuna aliyekigombea cheo chenyewe. Mshahara nao tuuache. Ulikuwa ukoko wa sufuria, na siku nyingine mpishi aliona mbwa wake anastahili zaidi. Hapo sikuwa na hoja.

Kazini niliingia kama wengi wenu, kwa njia ya uhalifu. Nilikuwa kidato cha kwanza, wiki ya mwanzo, nikakamatwa nyuma ya mstari wa paredi nikiigiza mwendo wa mkuu wa shule. Mnamjua. Tunamwita Kocha kwa sababu hakuna jambo chini ya jua ambalo halifananishi na mpira. Ukichelewa, umeotea. Ukifeli, umefungwa nyumbani mbele ya mashabiki wako. Mimi akanipa kadi nyekundu, shamba wiki nzima.

Shamba letu lina vipande vitatu, na nawaomba msiyabadilishe majina, tuliyatafuta kwa jasho. Mwadui ni kile chenye changarawe, ukipiga jembe linatoa cheche na mtu anaokota jiwe kuangalia kama ni almasi. Kahama kiko barabarani, kila kinachoota pale kina mnunuzi kabla hakijakomaa. Vatikani kimepakana na ukuta wa parokia, na miaka hiyo kilikuwa cha kusali tu, kwa mavuno yake.

Huko nikamkuta Madam Kabula, mwalimu wa baiolojia na kilimo, kavaa gambuti na kitenge juu ya sketi.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba. Wewe ndiye unayetembea kama mkuu wa shule?"

"Ndiyo, Madam."

"Hebu tembea."

Nikatembea. Alicheka mpaka akaegemea jembe. Halafu akanikabidhi lile jembe. "Haya, sasa lima kama wewe mwenyewe."

Siku hiyohiyo alitupa somo ambalo sijalisahau, na nyie msilisahau. Alichota udongo viganja viwili, kimoja kutoka chini ya katani za mpakani ambako hakujawahi kulimwa, kingine kutoka katikati ya Vatikani. Akavitia maji kidogo, akafinya. Ule wa mpakani ulishikana, mweusi, unanuka kama mvua ya kwanza. Ule wa Vatikani ukamwagika katikati ya vidole kama majivu ya jikoni.

"Huu umechoka," akasema. "Umepewa mahindi, mahindi, mahindi, tangu shule hii haijaezekwa. Wewe ukila ugali mkavu kila siku, hata mlenda hakuna, utakuwa nani?"

"Nitakuwa mwanafunzi wa hapa, Madam."

Nikaongezewa matuta.

Ndipo akatuonyesha kiduha. Kama hujawahi kukiona, ni kijimea kifupi chenye maua ya zambarau iliyopauka, mazuri kweli, ungeweza kumpelekea binti. Kinaota miguuni mwa mahindi, na mizizi yake inaingia kwenye mizizi ya mhindi inanyonya. Mhindi unasimama pale kijani, maji yapo, na unakauka kama una kiu ya mwezi mzima. Mbegu zake ni vumbi, huwezi kuziokota wala kuzihesabu. Zinalala udongoni miaka na miaka, zinasubiri mzizi wa mahindi au mtama upite karibu. Madam alisema, "Kiduha hakina haraka. Wenye haraka ni sisi."

Mhalifu mwenzangu wiki ile alikuwa Shija. Kosa lake ni kusinzia darasani. Alikuwa anatoka mbali, upande wa bondeni, anafika bila kutia kitu tumboni, halafu kipindi cha tatu kichwa kinamwangukia dawatini kama gunzi. Wakampa adhabu ya kulima ili aache kuchoka. Hiyo ndiyo hekima ya shule zetu. Lakini Shija na jembe walikuwa ndugu. Alikata mpini wake mwenyewe, akauchonga, akaukwangua kwa kipande cha chupa mpaka ukawa laini kama mkono wa mtoto. Na alikuwa na sauti. Akianza wimbo wa kulimia wa Kisukuma, hata sisi tulioshika jembe kama tumeshika nyoka tulijikuta tumefika mwisho wa tuta. Yeye ndiye aliyenibatiza Nsumba Ntale, jina la yule anayeongoza vijana wa kijiji kwenye kazi za pamoja. Lilikuwa tusi, maana nilikuwa wa mwisho kwenye mstari. Baadaye likanishika.

Sasa elewa kitu kimoja, hesabu zote za shamba hili zinaishia hapo. Shule yetu ni ya kutwa. Mahindi yetu ndiyo makande ya mchana. Mahindi yakiisha ghalani, makande yameisha, na makande yakiisha, madawati yanaanza kupumua. Wavulana wanapanda bodaboda kwenda upande wa Bulyanhulu, kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo, kuvuta kamba na kubeba mawe kwenye karasha, mashine ya kuyasaga. Huko kuna vumbi, kuna kifusi, lakini kuna wali. Wengine hurudi mahindi mapya yakivunwa. Wengine hawarudi.

Mwaka ule wa kwanza Vatikani ilitoa magunzi yenye meno machache kama babu. Ghala liliisha mapema sana, na Shija akaondoka kumfuata kaka yake Kulwa duarani. Madam Kabula alimfuata mama yao nyumbani, na mimi nikachukuliwa kama shahidi.

"Mwadila mayo," Madam akasalimia.

"Mwadila. Karibuni, lakini mjue siwezi kumfunga mtoto kwa kamba," Mama Kulwa akajibu kabla hajaulizwa. "Huko anakula. Kwenu anasoma na njaa. Wewe ungekuwa mimi?"

Madam akasema, "Mama Kulwa, nirudishie mtoto. Nipe misimu miwili. Msimu wa pili, chakula kitafika mpaka shule inafungwa. Nakuahidi."

"Gete? Kweli?"

"Gete."

Njiani nikamwambia, "Madam, umeahidi kwa udongo upi?" Akasema nifunge mdomo, niendeshe baiskeli. Shija alirudi wiki iliyofuata, nywele zimejaa vumbi la mawe, ananicheka kwamba bado nashika jembe kama nyoka.

Mvua za Novemba zilipokaribia, Madam akatangaza zamu. Vatikani karanga, Kahama pamba, Mwadui mahindi. Mwaka unaofuata vinahama: palipokuwa karanga panakaa mahindi, palipokuwa mahindi panakaa pamba, palipokuwa pamba panakaa karanga. Kikao cha wazazi kilitaka kuezua paa. Baba Masele, mzee mwenye ng'ombe wengi na subira kidogo, alisimama na fimbo yake.

"Madam, tumesikia. Pamba hailiwi. Watoto wetu mchana watakula mashati?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Madam alisubiri kiishe. "Baba, mbegu ya kiduha haiamki mpaka isikie mzizi. Mzizi wa pamba unaiita kama unavyoitwa harusini. Ikiamka, haipati pa kushika, inakufa na njaa. Kila mwaka wa pamba tunaua kiduha kingi bila kuinama. Karanga ndizo zinazorudisha mbolea. Mahindi yanakuja kula baadaye."

"Kwa hiyo mwaka huu tunalisha udongo, watoto wanasubiri?"

"Watoto wamesubiri siku zote, Baba. Angalau safari hii kuna wanachosubiri."

Kocha aliunga mkono. Msimwage machozi, alikuwa amesikia kwamba pamba ikiuzwa timu ya shule itapata jezi.

Kupanda karanga na wanafunzi wenye njaa ni kama kumpa fisi alinde bucha. Mbegu tulizopewa zilitakiwa kufika ukuta wa parokia, na tulipofika katikati ya tuta la kwanza zilikuwa zinaelekea kwisha. Madam hakuchapa mtu. Alisema tu, "Kuanzia sasa, hakuna kupanda bila kuimba. Shija, anzisha." Mdomo unaoimba hautafuni. Sauti ikikatika mahali kwenye mstari, Madam anageuka pale pale, "Nani huyo ameacha wimbo? Tema!" Na kweli mtu anatema. Nyamizi, hiyo ndiyo zana bora kuliko zote nilizokukabidhi. Haipo stoo, usiitafute.

Karanga zilipotoa maua alitung'olesha mche mmoja kila tuta tuangalie mizizi. Ina vinundu vidogo kama mayai ya chawa. Ukikitumbua kimoja kwa ukucha ukakuta ndani wekundu, kiwanda kinafanya kazi, kinashusha mbolea kutoka hewani bila kutudai kitu. Ukikuta weupe au ukijani, wafanyakazi wamegoma. Vyetu vilikuwa vyekundu. Shija alitumbua vingi mpaka Madam akamuuliza kama anakagua kiwanda au anakifilisi. Baada ya kuvuna tulirudisha majani yote shambani. Mabua ya pamba tukayang'oa na kuyachoma, maana yakibaki yanafuga wadudu. Hilo la mabua lilinipa malengelenge ambayo bado nayasimulia.

Mwaka ule chakula kilikuwa cha kujibana, sitadanganya. Mwadui haikuwa na huruma. Shija alikuwa anakuja na michembe mfukoni, viazi vikavu vya kutafuna, ananigawia kimoja halafu anasema ni mkopo. Ila hakuondoka. Alikuwa anahesabu misimu.

Msimu wa pili tukapanda mahindi Vatikani. Jamani. Majani yalikuwa ya kijani inayoelekea weusi, mapana, yanapiga kelele upepo ukipita. Kiduha kilitokea hapa na pale, tukaking'oa kabla hakijatoa maua, tukakichoma. Mihindi mingine ilibeba mahindi mawili, tena ya kujaa mkono. Udongo wenyewe ulikuwa umebadilika, ukifinya unashikana kidogo. Siyo kama wa mpakani, lakini ulikuwa unakumbuka ulikotoka. Ghala lilijaa mpaka mpishi akanunua kufuli. Makande yalifika hadi siku ya kufunga shule, kama alivyoahidi. Shija akaacha kusinzia, na ikabainika kwamba kumbe ana akili ya hesabu kutushinda wote, kitu ambacho hakuna mwalimu alikuwa amewahi kukikuta macho.

Mama Kulwa alikuja shuleni na kuku. Hakusema mengi. "Wabeja, Madam," akashukuru. Akamwacha kuku, akaenda zake.

Hadithi ingeishia hapo ningekuwa nastaafu nikiwa mtu mwema.

Nilikuwa nagonga mipini chini ya dirisha la ofisi niliposikia Kocha anamwita Madam.

"Nimefurahi sana. Sasa msimu ujao Vatikani tunarudia mahindi, na vipande vingine vyote mahindi. Tunapata mara tatu."

"Mkuu, Vatikani ni zamu ya pamba. Mwadui inadai karanga. Yale mahindi yametokana na karanga za nyuma yake."

"Madam, timu inayoshinda haibadilishwi."

"Udongo siyo timu, mkuu. Uwanja ndio udongo. Uking'oa nyasi zote, hata timu bora itacheza kwenye vumbi."

Nilidhani Madam ameshinda, maana alimjibu kwa lugha yake. Kumbe hilo ndilo lililomuudhi Kocha.

"Wazazi wanataka mahindi. Mimi siwezi kusimama kikao kingine kusikiliza habari za mashati. Na wewe umefanya kazi kubwa, pumzika. Utasimamia maktaba."

Maktaba yetu mnaijua, ni ya popo, vitabu vimewatembelea tu. Mwenye kujua akaenda kulinda popo. Mimi ndiye niliyebaki na ufunguo, na Novemba tukapanda mahindi pande zote tatu. Shija alianzisha wimbo, lakini mbegu za mahindi zilizopakwa dawa hakuna anayezitafuna, kwa hiyo watu walifunga midomo yao.

Sasa sikilizeni kilichotokea, kwa sababu mtaambiwa vingine. Kahama ilistawi vizuri sana. Bila shaka, mwaka uliotangulia ilikuwa na karanga, zamu yake ya mahindi ilikuwa imefika kwa halali. Na Kahama ndiyo iko barabarani. Kila mpita njia alimpongeza Kocha. Mwadui, iliyokosa karanga, mahindi yake yalipauka kuanzia majani ya chini, manjano katikati ya jani kuelekea ncha, yanaomba mbolea kama watu wanaoomba lifti. Vatikani, ile iliyoshinda, ilianza vizuri. Halafu ikazambarauka. Tuliking'oa kiduha mpaka migongo ikagoma, lakini kilikuwa kinatoka kwa wingi kuliko sisi, na kikishatoa maua umeshachelewa.

Katikati ya hayo akaja mgeni rasmi kutoka mjini kuona shamba la mfano. Kocha akaniita asubuhi.

"Kiranja, meza ya mgeni haina maua. Bustani imeliwa na mbuzi. Tafuta maua."

"Ya aina gani, sir?"

"Mazuri. Nikufundishe maua?"

Nikaenda Vatikani. Nilikata shada kubwa, nikalifunga kwa ukili, nikaliweka kwenye jagi la maji mbele ya kiti cha mgeni. Nilikuwa nasubiri mtu mmoja tu aruke. Mmoja. Kulikuwa na walimu pale, wazazi pale, Baba Masele na fimbo yake. Baba Masele aliona. Nilimwona anaona. Akatazama chini.

Mgeni alipelekwa Kahama, akapigwa picha ameshika hindi, akarudishwa mezani. Akayanusa maua.

"Haya yanaitwaje, kijana?"

"Kiduha, mheshimiwa. Tunayo mengi, yameota hapahapa shambani kwetu."

"Hongereni sana. Mnalima na maua!" Ukumbi ukapiga makofi. Madam Kabula, kiti cha mwisho karibu na mlango, alijifunika uso na kitenge. Nilidhani anacheka. Nikamkonyeza. Aliposhusha kitenge nikaona hakuwa anacheka.

Mgeni aliondoka na shada. Alisema atampelekea mama. Kuna bustani fulani huko mjini, wenyewe wakipanda mahindi, mbegu za lile shada zitaamka, tutaonana.

Mzaha wangu bora kuliko yote, na haukumuuma hata mtu mmoja aliyestahili.

Tulipovuna, Vatikani haikujaza hata kona ya ghala. Kahama peke yake haiwezi kulisha shule. Makande yakawa mara tatu kwa wiki, yakawa maharage yanayoogelea, yakawa kengele tu. Kengele ya chakula iliendelea kupigwa, maana iko kwenye ratiba.

Shija alianza tena kusinzia. Siku moja nikamkuta getini amepakiwa kwenye pikipiki nyuma ya kaka yake, begi la shule limejaa nguo.

"Unaenda wapi, mtihani uko mlangoni?"

"Nsumba Ntale, niache."

"Shija, wewe ndiye mwenye hesabu. Bila wewe mimi nitamwigilizia nani?"

Akacheka. Kulwa akawasha pikipiki. "Bwana mdogo, kaa pembeni. Mnapiga kengele, mnapakua nini?"

"Kiduha," Shija akamjibu kwa niaba yangu. Halafu akanitazama. "Madam alisema misimu miwili, na alitimiza. Wa tatu hakuuahidi. Mwambie simdai."

Nilimwambia. Alikuwa anafagia mavi ya popo. Aliendelea kufagia palepale, mahali ambapo palishakuwa safi.

Wamekwenda kumfuata tena, Madam na Mama Kulwa, safari hii pamoja. Duara alilokuwepo wamehama, na huko ukiuliza jina la mtu wanakuuliza wewe ni nani. Namba yake ya mtihani ipo. Mwenye namba hayupo.

Haya ndiyo makabidhiano yangu. Nyamizi, Kocha ameshasema Novemba ni mahindi tena, na mimi sina tena cheo cha kumbishia. Wewe unacho. Usimbishie kwa lugha ya mpira, hapendi. Mpeleke Vatikani kwa miguu, wakati wa maua, bila mgeni. Nimekuachia karanga za mbegu kwenye debe la juu stooni, zilizotoka mavuno ya mwisho ya karanga. Kahama inadai pamba, Mwadui inadai karanga. Vatikani ipe pamba hata wakisema hailiwi. Kiduha kitakusubiri, kina miaka mingi ya kulala. Watu wa kwenye mstari hawana.

Jembe lenye mpini laini kuliko yote, lililoning'inia peke yake ukutani, usimpe mtu.

Na siku ya kupanda karanga, waimbishe. Sisi tulifundishwa kwamba sauti ikikatika kwenye mstari, mtu anatafuna mbegu. Wewe sauti ikikatika, usipige kelele ateme. Geuka kwanza uangalie kama bado yupo.